Picha Nne za Bata Bukini

Bata bukini alikuwa amesimama mlangoni mwa studio kama mteja aliyewahi foleni, shingo juu, mguu mmoja ameukunja. Aziza, mwenye studio, naye akasimama. Maji ya Ziwa Tanganyika yalimfika magotini, kamera inaning'inia shingoni, viatu viko mkononi. Tangu ziwa lilipopanda na kuwafukuza yeye na mumewe hapa mtaa wa Kavimvira, miaka mitatu sasa, hakuwa amekanyaga hapa. Akitajiwa nyumba hii aligeuza uso. Ziwa aliliita mwizi, tena mbele ya wageni.

Leo alikuwa amekuja kwa ajili ya ukuta tu. Kesho Lukumani, mumewe, angeleta watu waubomoe, matofali yapandishwe mtaa wa juu, ajengewe studio mpya. Ni ukuta mweupe ambao mbele yake nusu ya Uvira ilikaa ikapigwa picha za pasi ya kusafiria na za shule. Aziza alitaka kuupiga picha moja ya kuuaga, basi, arudi zake.

"Minye naenda kuchungulia tu," alikuwa amemwambia mumewe asubuhi.

"Nenda, Mama Furaha," Lukumani alimjibu. "Lakini usiende kulia mu ziwa. Limejaa tayari."

Sasa bata alikuwa amemzibia njia. Alimpigia makofi ya kumfukuza, bata hakuhama. Aziza akapita ubavuni mwake polepole, na bata akamfuata nyuma nyuma kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Ndani, kwenye sakafu iliyoinuliwa, maji yaliishia vifundoni. Pale pembeni, juu ya meza yake ya kukatia picha, bata jike alikuwa ameatamia. Alipojiinua kumtazama mgeni, Aziza aliona mayai saba yamelazwa katika manyoya.

Dume alikwenda akasimama mbele ya ukuta mweupe, pale pale palipokuwa na kigoda cha wateja. Aziza akainua kamera. Lakini miaka kumi na tisa ya kazi ina mazoea yake. Aliona kichwa kimeinama upande kidogo, na bila kufikiri akanyoosha kidole kumwinua kidevu, kama anavyowafanyia wote. Bata akafoka. Bawa likamchapa kifundo cha mkono, na Aziza akaenda chini kitako, maji yakaruka, kamera ameiinua juu ya kichwa.

Akacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, katika nyumba ambayo aliapa hataingia tena.

Akiwa amekaa vile majini, macho yake yalikuwa usawa mmoja na macho ya bata, na aliona ambayo asingeyaona akiwa wima. Jicho limezungushiwa rangi ya kahawia, kama wanja uliopakwa na mkono usiotetemeka. Miguu ya waridi ndani ya maji maangavu. Kijani cha bawa kilichojitokeza na kujificha kila alipojigeuza. Tone la maji liliteleza mgongoni mwake lisilowanishe hata unyoya. Aziza alikuwa amepiga picha nyuso zisizo na hesabu, akiziambia zisitikisike. Huyu alitikisika alivyopenda, na kila picha ilikuwa yeye mwenyewe. Bata alisogea, akasogea tena, mpaka Aziza akabana pumzi.

"Weye uko muzuri," alimwambia, na alimaanisha.

Alasiri, nyumbani, alichagua picha moja, akaitoa mara nne kwa mashine yake ndogo ya kuchapia, akazikata kwa mkasi kwa kipimo cha pasi. Akazipanga mezani mbele ya Lukumani.

"Watu nimewaambia saa mbili asubuhi," alisema Lukumani. Kisha akachukua picha moja, akaielekeza dirishani penye mwanga. Akaitazama kwa muda mrefu. "Huyu iko mu nyumba yetu?"

"Iko na bibi yake. Na mayai saba, juu ya meza yangu."

"Na studio? Weye ndiye ulisema umechoka kupigia watu picha barazani. Mvua inakuja."

"Nimechoka, Baba Furaha. Nimechoka kweli." Aziza alipapasa kifundo cha mkono kilichoanza kuvimba. "Lakini ungemuona."

Lukumani akavuta bahasha ndogo ya wateja, moja ya zile ambazo tangu siku ya kwanza ya studio yeye ndiye aliyeziandika, akatia picha zote nne, akachukua kalamu. Penye jina alisita, akapaacha wazi. Akashuka penye siku ya kuchukua picha. Alihesabu kwa vidole siku za kuatamia, akamtupia mkewe jicho, kisha akaandika tarehe ya mwisho wa mwezi ujao.

Akachukua simu yake, akatoka nje kuwapigia wale watu wa kubomoa ukuta.