Neno Lililokosa K

Mama Gazeti anasema yule kijana wa faili aliingia uani saa nne asubuhi, akavua viatu bila kuambiwa, akasalimia mmoja mmoja kuanzia mkubwa. Anasema miaka yote hii hajaona kijana mwenye adabu namna ile. Katumwa na mwenye nyumba aulize kama wapangaji tunaridhika na makazi: maji vipi, choo vipi, paa linavuja au halivuji, majirani mnaelewana? Akawa anatia alama kwenye visanduku. Mwishoni kila aliyeulizwa akaweka sahihi, na asiyejua kuandika akaweka dole gumba.

"Na nani kawasomea wasiojua kusoma?" Mama Gazeti akajipiga kifua. "Mimi hapa. Mama yako nimemshika kidole mwenyewe."

Haya alinieleza saa nane mchana, nikitoka kazini, ndoo yake ikijaa bombani. Tunamwita Mama Gazeti kwa sababu hata karatasi iliyofungia sabuni haitupi kabla hajaisoma.

"Kaondoka?" nikamuuliza.

"Wapi! Yuko kwa fundi viatu, chumba cha mwisho. Fundi kamganda na maneno, kijana wa watu hata maji hajanywa."

"Hiyo karatasi naweza kuiona?"

"Nakala ninayo. Kwani huniamini?"

"Nakuamini, mama. Nataka kuiona tu."

Akaitoa kifuani, imekunjwa mara nne.

Mimi nimeishia shule ya msingi. Lakini nafanya kazi kwa dobi, na kazi yangu ni kuandika majina kwenye vikaratasi na kuvibana kwenye nguo. Herufi moja ikiruka, suruali ya mwalimu anaondoka nayo mwashi. Kwa hiyo neno silisomi mara moja, nalichambua kama mchele.

Juu kote kulikuwa sawa. Umeridhika na maji? Umeridhika na choo? Umeridhika na majirani? Chini kabisa, kwa maandishi madogo: *Mimi mpangaji nimeridhia mpango wa mwenye nyumba kuhusu chumba hiki.*

Nikaweka ukucha chini ya neno.

"Mama, hapa uliwasomeaje?"

"Nimeridhika na mpango wa nyumba. Yaani tunapapenda. Si tunapapenda?"

"Hapa hakuna K."

"K gani tena?"

"Imeandikwa nimeridhia. Siyo kwamba unapapenda. Umekubali mpango wake."

"Usinivunjie heshima! Wewe na shule yako ya msingi ndio wa kunifundisha mimi kusoma?"

Nilitazama mlango wetu, naye akatazama. Wiki iliyopita walikuja watu wawili na futikamba, wakapima ua ukuta hadi ukuta, wakachora msalaba mwekundu kwenye kila mlango. Tulipouliza, walisema mwenye nyumba anataka ghorofa.

Ndoo ikafurika, maji yakamlowesha miguu. Hakusogea.

"Watu kumi na mmoja," akasema taratibu. "Wote kwa mdomo wangu."

Mama yangu haoni. Macho yalimwisha kidogo kidogo, na kadiri yalivyokwisha ndivyo alivyozidi kuujua ua huu. Kutoka mlangoni hadi bombani hatua kumi na nne, ufa wa sakafu ndio kona ya chooni. Watu wa hapa hugombania kamba ya kuanikia nguo kila siku ya Mungu, lakini majiko, ndoo na viatu vyao hukaa upande wa kushoto. Kulia pameachwa peupe, ni njia yake. Hakuna aliyeitisha kikao. Paa letu linavuja na choo kinanuka, ila mama anakwenda kuoga mwenyewe bila kushikwa mkono. Kwingine nitamfungia ndani nikienda kazini. Na jambo hilo halikuwa na kisanduku.

Nikaenda hadi chumba cha mwisho, Mama Gazeti nyuma yangu.

Fundi viatu alikuwa ameshika kalamu, hajaandika kitu. "Mimi kiatu chenyewe sikishoni kabla sijakigeuza nione soli," alikuwa akimwambia kijana. "Sembuse karatasi!"

"Kaka," nikamwambia yule kijana, "naomba karatasi ya mama yangu. Chumba cha tatu, yenye dole."

"Haiwezekani, dada. Imeshaingia kwenye faili." Alitabasamu. "Mama kasomewa, kaweka dole kwa hiari yake."

"Kasomewa neno jingine."

"Sikumsomea mimi."

"Lakini ulikuwa umekaa pale pale!" Mama Gazeti akapaza sauti mpaka watu wakatoka vyumbani. "Nimesema nimeridhika mara kumi na moja, na wewe unatikisa kichwa! Mbona hukunisahihisha?"

Kijana akalikumbatia faili kifuani, akainuka. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

Hapo mama akatokea mlangoni kwetu, vidole ukutani, anafuata sauti. Alikuja upande wake wa kulia kama kawaida, haraka, kama mtu anayeona. Mara mguu ukagonga kitu, akapepesuka, akajishika ukutani. Nilipiga hatua kumwendea, akaninyooshea kiganja nisimame.

Alipapasa kwa unyayo. "Viatu vya nani hivi?"

Vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi, vimepangwa vizuri katikati ya njia yake. Kijana alitazama miguu yake mitupu.

"Ni wewe, mwanangu?" mama akamwuliza. "Uliyenisalimia asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

"Ulinisalimia vizuri. Sasa toa karatasi yangu, unisomee wewe mwenyewe pale nilipoweka dole. Usiharakishe. Neno moja moja."

Mtu alifunga bomba. Kijana alifungua faili, akaipata karatasi, nikaliona dole la mama, la bluu. Akatazama geti. Akavitazama viatu vyake, miguuni pa mama.

"Nakusikiliza, baba," mama akasema. "Nisomee."