Meno ya Babu

Nyuma kabisa ya kliniki ya meno, mlango wa mwisho baada ya choo cha wagonjwa, alifanya kazi mama mmoja ambaye wagonjwa wengi hawakuwahi kumwona, ingawa walirudi nyumbani na kazi yake kinywani. Alikuwa fundi wa meno bandia. Kwa miaka ishirini na sita alikaa mbele ya meza ile ile yenye vumbi la plasta, taa ndogo ikimmulika vidole, akichonga nta, akipaka fizi rangi, akisugua magego mpaka taya la juu na la chini yakutane bila kugombana. Daktari, mfagizi na wauguzi wote walimwita Mama Meno, naye aliitika kwa raha.

Mama Meno alikuwa na ugonjwa mmoja, kama wifi yake alivyopenda kuuita. Alipenda mazimwi.

Alianza akiwa na miaka tisa, siku alipoona filamu ya kwanza ya Zimwi la Handaki, kichwa kimejificha nyuma ya mgongo wa kaka yake na jicho moja likichungulia. Kiumbe yule aliishi ndani ya handaki la reli, alikula watu waliopita peke yao, na alikuwa na huzuni fulani ambayo mtoto yule aliielewa bila kuelezwa. Zilitoka filamu sita. Zote alizijua kwa moyo. Yeye na wenzake watatu, fundi kufuli, mfamasia na mlinzi wa benki, walimwita zimwi huyo Babu, na kila Jumamosi mchana walikutana kwenye duka la fundi kufuli kubishana kwa nini Babu alikimbia filimbi katika filamu ya tatu lakini akaivumilia katika ya nne. Mlinzi wa benki aliwahi kununa mwezi mzima kwa ajili ya filimbi hiyo.

Watu waliwaona vichekesho. Siku Mama Meno alipokwenda sokoni amevaa fulana yenye sura ya Babu, muuza nyanya alimpa pole na kumuuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Wifi ndiye hakuwa na simile kabisa.

"Mwanamke mzima, una wajukuu, unashinda na mashetani! Umeombewa lini mara ya mwisho?"

"Nimeombewa juzi tu, wifi yangu. Tena na wewe mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wageni."

Mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, hakumcheka wala hakumuunga mkono. Alimpenda mkewe, ila hakumtaka huyo Babu. Filamu zilipowekwa alichukua gazeti lake akaenda kukaa barazani. "Kitu hakipo," alizoea kusema. "Mtu anakiogopaje kitu ambacho hakipo?"

Kwa hiyo lilikuwa jambo la ajabu kwamba habari ile aliileta yeye. Nje ya duka kubwa dada mmoja alikuwa akiwajazisha watu fomu, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kuona fomu akaipita, alijaza. Je, umewahi kujiunga na chama cha mashabiki? Hapana. Je, una fulana, bango au mdoli wa mhusika wa filamu? Hapana. Je, unaweza kutaja filamu tatu za mazimwi? Hapana. Baada ya wiki alipigiwa simu. Alikuwa amechaguliwa kuwa mtazamaji wa kawaida, aje na mwenzi wake, waitazame filamu ya saba ya Zimwi la Handaki kabla haijakamilika, watoe maoni.

Mama Meno alipoambiwa aliweka chini sufuria, akakaa kwenye kiti, akasimama, akakaa tena.

"Ya saba? Mwalimu, ya saba?"

"Ya saba. Ila nisikilize. Wamesema wazi kwamba mashabiki hawatakiwi. Wanasema mashabiki wanaharibu hesabu. Ukienda, wewe hujui kitu. Babu humjui, handaki hulijui. Utaweza?"

"Nitakuwa kama maji mtungini."

"Na hiyo fulana ibaki nyumbani."

Jumanne asubuhi walifika studio, jengo pana lenye korido ndefu na harufu ya zulia jipya. Watu kama thelathini walikuwa wameshaketi katika ukumbi mdogo. Aliyewapokea ni mkuu wa masoko, bwana mnene mwenye kicheko chepesi, kitambulisho kikining'inia tumboni. Aliwashukuru kwa kuja, akawaambia wasiogope kusema ukweli. Taa zikazimwa.

Nusu saa ya kwanza Mama Meno alikuwa peponi. Handaki lilikuwa lile lile, matone ya maji yale yale. Mkono wake ulimbana Mwalimu mpaka pete ikamwingia kidoleni. Kisha Babu akatokea, akafungua kinywa, na mkono ukalegea.

Walikuwa wamemtengeneza upya kwa kompyuta, kuanzia shingoni kwenda juu. Meno yalikuwa safu tatu, marefu kama njiti za mwavuli, meupe pee, yameelekea kila upande. Mtu wa nyuma alicheka. Halafu wakacheka wengine. Babu alinguruma, ukumbi ukazidi kucheka, na Mama Meno akahisi kama vile anayechekwa ni babu yake wa kumzaa.

Filamu ilipoisha, mkuu wa masoko alipita na daftari. Huyu akasema nzuri. Yule akasema si mbaya. Mwanamke mmoja alisema alipenda gauni la mpelelezi. Mwalimu alisema sauti ilikuwa juu mno.

"Na wewe, mama?"

"Nzuri," alisema Mama Meno. Lilimtoka kama mtu anayetema kokwa.

"Safi sana!" Mkuu wa masoko alifunga daftari. "Mmenipa moyo. Nyinyi ndio tuliowataka, watu wenye akili zenu. Wale mashabiki hatuna haja ya kuwauliza. Wale hata ukiwawekea gunia tupu kwenye kioo watakuja, watalia, watapiga makofi. Hawana wanachokijua."

Watu walicheka. Mwalimu alimtazama mkewe, akaona shingo yake imenyooka, akajua mtungi umepasuka.

"Samahani, bwana," alisema Mama Meno. "Huyo zimwi wako atakufa njaa."

"Unasemaje, mama?"

"Hawezi kula. Akifunga kinywa, chonge za chini zinamtoboa macho. Na hizo safu tatu hazikutani popote. Atatafunia wapi? Umemwona alipomkamata yule mpiga picha? Alimshika tu kama mtu aliyeshika nguo ya kufua. Ndiyo maana watu wamecheka. Miili yetu inajua. Kinywa kisichoweza kuuma hakimtishi mtu, hata kikiwa na meno elfu." Aliinuka bila kukusudia. "Babu katika filamu ya kwanza alikuwa na meno ishirini na nane. Ishirini na nane! Na sikulala siku nne."

Mwanamke aliyependa gauni alivuta kiti chake pembeni kidogo.

"Babu?" Mkuu wa masoko alitabasamu taratibu. "Kumbe wewe ni shabiki."

"Tangu nina miaka tisa."

"Basi maoni yako nitayafuta, mama, utanisamehe. Haya ndiyo tuliyoyakwepa. Mtu anahesabu meno ya zimwi!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hapo ndipo Mwalimu aliposimama, taratibu, kama alivyosimama miaka thelathini mbele ya ubao.

"Mke wangu anahesabu meno kwa sababu ndiyo kazi yake," alisema. "Anatengeneza meno ya watu. Nusu ya mji huu inatafuna kwa kazi ya mikono yake. Na mimi fomu yangu niliijaza kwa kweli, sijui lolote kuhusu zimwi lenu, lakini nimelicheka sana, na sikusema hivyo kwa sababu ya adabu tu. Yafute na maoni yangu."

"Yasifutwe ya mtu yeyote," ilisema sauti kutoka safu ya mwisho.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, kofia imemfunika nusu ya uso. Alishuka ngazi akivua kofia, na mkuu wa masoko akarudi nyuma hatua moja, kwani huyo ndiye mwongozaji wa filamu, na hakuwa amejua kwamba yumo.

"Mama, shikamoo. Miezi minne najiuliza kwa nini hatishi. Nimebadilisha taa, nimebadilisha muziki, nimegombana na kila mtu. Meno! Nina wiki tatu za kupiga upya matukio yake. Ukipewa kinywa cha mwigizaji, unaweza kuyatengeneza? Kwa mkono?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mama Meno, akakaa, akasimama, akakaa tena. Mwalimu ilibidi amjibie kwamba anaweza.

Mwigizaji aliyevaa ngozi ya Babu alikuwa mrefu kama mlingoti na mpole kama sungura. Alipowekewa kinywani ule ute wa kuchukulia umbo la taya, machozi yalimtoka, akaomba ashikwe mkono. Mama Meno alimshika. Kisha alijifungia na plasta yake, kila siku baada ya kazi za kliniki, akifanya kinyume cha alivyowafanyia wagonjwa.

Lakini si kinyume kabisa. Kuna siri ambayo kila fundi mzuri wa meno anaijua: meno yaliyonyooka yote yanaonekana ya uongo. Ukitaka mtu aamini, weka kasoro. Jino moja lipinde kidogo, jingine lisagike, rangi iungue karibu na ufizi. Babu alikuwa mzee. Alikuwa amekula mifupa gizani kwa miaka mingi. Mama Meno alimpa magego yaliyolika, chonge moja yenye ufa, na utando wa manjano.

"Gego la mwisho, chini kulia, liwe limevunjika," mlinzi wa benki alisema Jumamosi, walipoitana kuyajadili. "Filamu ya pili aliuma reli."

"Aliuma kwa upande wa kushoto," alisema mfamasia.

"Kulia!"

Fundi kufuli aliiweka filamu ya pili. Ilikuwa kulia. Mlinzi wa benki alitembea dukani mikono mfukoni kama bwana harusi. Mwongozaji alipoambiwa habari ya gego alicheka, kisha akaacha kucheka, akaomba waletwe wote watatu studio. Walikaa siku nzima wakimweleza mambo ambayo hayakuwa kwenye faili lolote la jengo lile. Mkuu wa masoko alipita mlangoni mara tatu. Mara ya nne aliingia na daftari lake, akavuta kiti.

"Hebu rudieni hapo kwenye filimbi," alisema.

Filamu ilionyeshwa rasmi Jumapili alasiri, katika ukumbi mkubwa uliojaa pomoni. Mama Meno alivaa fulana. Wifi alikuja pia, kwa kusudi la kusali kimoyomoyo, alivyosema. Babu alipotokea hakunguruma. Alikaa gizani akitafuna kitu polepole, taya yakikutana, kila gego likifanya kazi yake, na sauti ndogo ya kusaga ikaenea ukumbini. Hakuna aliyecheka. Kisha akageuka, akaona kwamba anatazamwa, akafunga kinywa taratibu kama mzee aliyefumaniwa mezani.

Ukumbi mzima ulipiga yowe. Wifi aliita majina ya watakatifu wote aliowajua na wawili aliowatunga. Mwalimu alijikuta amekumbatia pochi ya mama asiyemfahamu, na mama huyo amemkumbatia Mwalimu. Mlinzi wa benki, mwenye bunduki kazini, alifunika macho kwa kofia. Mama Meno peke yake alikaa wima, machozi yakimteleza, anacheka.

Nje, kwenye ngazi, watu hawakutaka kwenda nyumbani. Walisimama makundi makundi wakisimuliana mahali walipoogopa zaidi, wageni wakishikana mikono, na mwongozaji alipowanyooshea kidole wale wanne na kusema meno ni yao, walizungukwa. Mtu mmoja alimwomba Mama Meno aandike jina lake kwenye tiketi. Hakuwa amewahi kuombwa saini isipokuwa kwenye stakabadhi za plasta, akaandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa shule. Mkuu wa masoko alisubiri zamu yake, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mswada wa filamu ya nane ungekuwa tayari baada ya mwezi, akauliza kama yeye na wenzake wangekubali kuusoma kwanza.

"Tutausoma Jumamosi," alisema Mama Meno. "Ila njoo mwenyewe. Utakaa kwenye boksi la kufuli, viti viko vinne tu."

Walitembea kwenda nyumbani, yeye na Mwalimu, jua bado liko juu ya mapaa. Walipofika kwenye geti lao Mwalimu alisimama na ufunguo mkononi.

"Ile ya kwanza," alisema. "Unayo humo ndani?"

"Ninayo."

"Basi iweke. Na ukae karibu nami, tafadhali."