Macho Matatu ya Mashine

"Kamba ni ya wote, lakini tangu jana imejaa mipira yako ya kuzamia. Kanga zangu nizianike kichwani?"

"Ndiyo uishushe mashine yangu bila kuniuliza?"

"Mvua ilikuwa inakuja jana jioni, Nusaiba. Ningeiacha ilowe?"

"Ungeniita."

"Nikuite mji mzima wa Masoko? Mwenyewe ulikuwa saluni umekaa chini ya drai."

Wapangaji wengine walishajaa milangoni, mmoja na mswaki mdomoni, maana Mama Dionis akigombana hakuna anayetaka kuja kusimuliwa. Mama huyu, Justa kwa jina, alishuka kutoka Newala zamani, na kwa samaki wake wa kukaanga amewalisha nusu ya wapangaji wa uani hapo. Nusaiba ni mtoto wa Kivinje, mzamiaji wa kikundi kinachopima matumbawe kwenye ukuta wa mwamba baharini, kina kirefu.

"Halafu nikai—"

"Sitaki kusikia, Mama Dionis. Kitu changu usikiguse tena."

Akaibeba mashine yake ya kupumulia majini akaondoka bila hata shikamoo. Yule wa mswaki alikuwa amepata ya kusimulia mpaka jioni.

Kwenye boti Nusaiba alikagua kila kitu. Namba zote zilisoma sawa, ila alizikagua huku kichwani bado anamjibu Mama Dionis. Pumzi ya kwanza ilikuja na harufu ya sabuni ya unga. Akadhani ni mikono yake, akazama na mwenzake Erasmo.

Mashine ile haitoi mapovu. Pumzi unayotoa inazunguka, inachujwa kwenye chokaa inayonasa hewa chafu, kisha mashine inarudishia oksijeni uliyoitumia. Chini ya kifuniko mna vipimo vitatu vya oksijeni, wao wanaviita macho, na mashine inayaamini mawili yanayokubaliana. Kazi ngumu ni kupanda. Hupandi moja kwa moja. Unasimama kituo baada ya kituo ili gesi iliyoingia mwilini itoke taratibu, na muda wote huo oksijeni iwe juu bila kuzidi. Ikipungua, unazimia bila kuaga. Ikizidi, degedege, na degedege la majini linakutoa kifaa mdomoni.

Chini mambo yalikwenda vizuri. Kwenye kituo cha mita tisa ndipo Nusaiba alipotazama kioo cha mkononi, akatazama tena. Alitaka oksijeni isome moja nukta tatu. Macho mawili yalisema sifuri nukta tisa. La tatu lilisema moja nukta saba, na linapanda.

Tss, mashine ikaongeza oksijeni. Tss, ikaongeza tena. Ilikuwa imeyasikiliza yale mawili.

Erasmo akasogea, akachungulia kioo, akanyoosha vidole viwili: mawili yanakubaliana, hilo moja limekufa. Akaonyesha kwa mkono, ongeza. Ndivyo walivyofundishwa, na siku nyingine yoyote Nusaiba angemsikiliza.

Tss.

Ile sabuni. Si ya mikono yake. Ilitoka ndani, kila pumzi, na akauona mdomo wa Mama Dionis ulivyobaki wazi pale uani. Halafu nikai... Nikaifanyaje?

Mdomo wa chini wa Nusaiba ukaanza kucheza wenyewe, dalili ya degedege.

Hakungoja. Akafunga koki ya oksijeni, akabonyeza hewa ya kawaida ikasukume iliyokuwemo ndani. Hewa hiyo kiwango chake kwa mita tisa anakijua: sifuri nukta nne. Jicho la tatu likaporomoka, likasimama hapo hapo. Yale mawili yakajikokota kama yaliyoamshwa usingizini, yakagota kwenye sifuri nukta nane. Yaliyokubaliana ndiyo yaliyolowa.

Akaiacha mashine, akaweka mdomoni kifaa cha chupa ya akiba. Mdomo ukatulia. Lakini gesi ya akiba haikuwa na oksijeni nyingi kama ile, kwa hiyo muda wa kungoja ukarefuka, na sasa kila pumzi ilitoka mapovu na haikurudi. Kupanda kabla ya muda ni kupooza. Mshale wa chupa ukashuka. Nusaiba akashika kamba ya boya, akapumua polepole kama anayembembeleza mtoto. Mshale ulipogusa pekundu, Erasmo alikuwa ameshamfikishia chupa yake mkononi, na hakunyoosha kidole tena.

Jioni alifika uani miguu mizito. Mama Dionis alikuwa jikoni kwake, na kamba ilikuwa tupu. Kanga zake zilianikwa kwenye ua wa makuti.

"Ulitaka kuniambia nini asubuhi?"

Mama Dionis hakugeuka. "Nilikifungua kile kifuniko, kilinuka shombo. Nikakifuta na kitambaa cha sabuni. Nimeshika kitu cha mwenzangu, nitakirudishaje na uchafu? Vile vidude viwili vya pembeni nilivifikia, cha ndani vidole havikupita." Ndipo akageuka, akamwona uso. "Nimeharibu?"

Nusaiba akaegemea mlango. Maneno aliyoyapanga tangu bandarini yalikuwa mengi na makali, lakini aliyemkatiza mwenzake alikuwa yeye.

"Shikamoo, Mama Dionis."

"Marahaba. Hiyo ni ya asubuhi au ya sasa?"

"Zote mbili."

Mama Dionis akavuta kigoda kwa mguu, akafunua sufuria ya ming'oko, vile viazi vya porini.

"Basi usinisimamie mlangoni kama mdai. Ingia tule, utaniambia huku unatafuna."