Mieleka Iko Namba Ngapi?

Kwa miaka thelathini na moja alisahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji, na kwa ukali wake juu ya alama za uandishi wenzake wakambandika jina la Koma. Jina likamfuata hadi nyumbani. Jirani akimwita kwenye ngazi, mgeni hudhani kuna mtu anakemewa. Alipostaafu hakujua mikono yake aiweke wapi. Alisoma maandishi ya pakiti za sabuni akitafuta makosa, na akilipata moja siku yake ilikuwa njema.

Mkewe alikuwa muuguzi, akitoka asubuhi na kurudi jioni. Mchana Koma alibaki na mama mkwe wake, aliyehamia kwao miaka miwili nyuma, macho yake yalipoanza kufifia. Hawakuwahi kukosana, lakini wala hawakuwahi kuzungumza hasa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama."

Hapo maneno yakaisha mpaka chakula cha mchana. Waliheshimiana mpaka wakachoshana.

Kitu kimoja tu mama alikipenda bila kificho: mieleka. Kila siku saa kumi alisogeza kiti hadi hatua moja mbele ya televisheni, akakunja mikono. Mtu akibebwa juu na kubwagwa chini, mama husema kwa sauti ya huruma, "Huyo leo hakula."

Kisha kampuni ya kebo ikazima mitambo ya zamani na kuhamia dijitali. Waliokuwa na king'amuzi cha kampuni hawakupata taabu, maana majina ya stesheni yalijitokeza yenyewe. Lakini nusu ya jengo, nyumba ya Koma ikiwemo, walichomeka waya wa ukutani moja kwa moja kwenye televisheni zenye king'amuzi ndani yake. Televisheni ya Koma ilitafuta kwa dakika ishirini, ikaleta chaneli mia moja na arobaini zisizo na jina hata moja. Zilikuwa namba tupu: 87.3, 87.4, 102.11. Namba kumi na mbili, ilikokuwa mieleka, ilikuwa giza.

Koma akapiga simu kwa kampuni. Dada wa huduma kwa wateja akamjibu kwa upole kwamba orodha waliyo nayo ni ya wenye ving'amuzi vya kampuni. "Wengine watafute tu, mzee. Zimo humo humo."

Basi Koma akatoa daftari kubwa, akapiga mistari kwa rula, akaanza na chaneli ya kwanza. Alingoja nembo itokee pembeni, akaandika namba na jina, akasonga mbele. Alipofika 91.2 akakwama. Palikuwa na mwanamume nyuma ya meza, anaongea, na hakuna nembo wala maandishi.

"Huyo ni wa habari za biashara," sauti ikasema nyuma yake. "Hukohoa kidogo kabla ya kutaja bei."

Koma akageuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Unamjua, Mama?"

"Macho ndiyo yaliyochoka, baba. Masikio bado yako kazini."

Koma akamvutia kiti. Kuanzia hapo kazi ikawa ya wawili. Yeye alishika rimoti na kalamu, mama akasikiliza. Aliwajua watangazaji kwa vicheko vyao, katuni kwa kelele zake, stesheni za dini kwa namna wahubiri wanavyovuta pumzi. Siku ya tatu walimaliza zote mia moja na arobaini. Mieleka haikuwemo.

"Si kitu," mama akasema. "Hata ugomvi wa watu una mwisho wake." Akaenda chumbani kujilaza, na saa kumi ikapita kiti chake kikiwa ukutani.

Koma hakupata raha. Usiku ule alikumbuka kanuni ya kazini: prufu husomwa mara mbili, na mara ya pili huanzia mwisho, kwa sababu jicho likishazoea njia huanza kudanganya. Kesho yake, mama alipokuwa amepumzika, akaanza chini ya orodha akipanda juu. Alifika 114.6 alasiri. Daftarini palikuwa na mwandiko wake wa siku ya pili, saa nne asubuhi: "Picha ya ua, muziki. Hakuna kitu." Ua lilikuwa palepale. Muziki ukakatika, mtu akaanza kunguruma kwenye kipaza sauti, na Koma, aliyekuwa akiwaza mengine, akanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Koma!"

Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule bila viatu. Mpaka leo Koma hajui kama siku ile aliitwa au alikatazwa. Rimoti akaiweka chini. Majitu mawili yakaingia ulingoni, na mama akatafuta kiti kwa kupapasa, akaketi, akashusha pumzi.

"Namba ngapi?" akauliza.

"Mia na kumi na nne, nukta sita. Ila ni kuanzia saa kumi, Mama."

"Basi andika na saa."

Akaongeza safu ya saa. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alikuwa wa kwanza kuomba nakala. Wiki ilipoisha, orodha ilikuwa imebandikwa katika nyumba kumi na tisa, na Koma alipanda na kushuka ngazi akisahihisha makosa ya walionakili kwa mkono. Hata fundi wa kampuni, aliyekuja kukaza waya ukumbini, aliomba moja. Alisema watu humuuliza kila aendako naye hana cha kuwajibu.

Mwezi uliofuata kampuni ikapangua namba zote. Majirani saba wakajaa sebuleni, mama akakaa mbele kama jaji, na kufikia adhuhuri kazi ikawa imekwisha.

Jioni ile mke wa Koma alirudi, akasikia mabishano kabla hajafungua mlango.

"Orodha hufuata namba, Mama. Ndiyo utaratibu."

"Hufuata wanachotafuta watu. Mieleka iwe juu kabisa."

"Nani anaitafuta, zaidi yako?"

"Mwanamume mbishi wewe. Mimi si mtu?"

Koma akacheka, akapiga mstari mpya juu ya ukurasa. Mkewe akaweka mkoba chini taratibu, akavua viatu, akapita pembeni kwenda jikoni kuinjika chai ya watu watatu.