Betri Zilizoshiba

Syntiche alitumia mwaka mmoja kuchora kituo cha kuchajia betri kwa jua, na ofisi ya mradi mjini Kalemie ikatumia miwili kubishana juu ya rangi ya kibao. Kibao ndicho kilichofika kwanza. Kilikuwa kipana kuliko mlango, na kilibeba majina ya wote waliochelewesha kazi.

Kituo kilijengwa kijijini kwa kina Syntiche, kando ya ziwa, njia ya kwenda Mpala. Wavuvi wa huko huvua ndagala, yaani dagaa, kwa taa, na taa zao hutumia betri ndogo za pikipiki. Betri zikiisha moto, sharti zipakiwe mtumbwini hadi Kalemie, kwenye jenereta. Syntiche, binti wa mvuvi, alikuwa amechoka kuwaona kaka zake wakipoteza siku nzima majini kwa ajili hiyo. Ndiyo maana alichora paneli, rafu, na kwa kila betri taa mbili: nyekundu ikiwa inakula, kijani ikishashiba.

Siku ya ufunguzi alifika Papa Gérard, mkaguzi wa wafadhili. Maneno yake yalikuwa machache. Akiona betri zinachaji, kituo kitabaki. Asipoona, paneli zitang'olewa zipelekwe Pepa, ambako tajiri mmoja wa ng'ombe alikuwa ameshaandaa paa. Alifika pia Papa Prospère, mheshimiwa wa mjini, ambaye hajawahi kukosa utepe wa kukatwa wala soda ya bure.

Betri zote za kijiji zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, zimefutwa vumbi. Syntiche akawasha. Taa zote zikawaka kijani.

"Mbona hazichaji?" akauliza Papa Gérard.

Syntiche akamvuta pembeni Mama Angélique, mkuu wa kamati ya kituo.

"Mama, hizi betri ziko na nini?"

"Ziko zimeyala zote, zimeshiba, mutoto yangu!" Mama akajibu kwa fahari. "Jana tulizipeleka Kalemie ku jenereta. Mugeni anapokelewaka na kibuyu mutupu?"

Kumbe! Kijiji kizima kilipiga kasia kwenda kuchajisha betri mjini, ili kituo cha kuchajia betri kisiaibike mbele ya wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini wao hawakuwahi kukaguliwa.

Papa Gérard alipoelezwa, alicheka kwa adabu, kisha akatoa simu kuita lori. Syntiche alitamani kumkumbatia Mama Angélique na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo Papa Prospère alipokohoa. Alikuwa hajahutubia. Watu wakaangalia chini, maana hotuba zake zilijulikana: kuna harusi ambayo wali ulichacha akiwa bado anasalimia. Lakini Syntiche, kwa mara ya kwanza maishani, aliitamani hotuba hiyo. Akakimbia kuleta vipaza sauti vya kwaya, vile vikubwa vinavyokula moto bila huruma, akaviunganisha na betri moja aliyoitoa kwenye rafu.

"Papa, sema yote," akamwambia. "Usiache kitu."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Machozi yakamlengalenga, akaanzia kwa babu yake. Alipofika kwenye ubatizo wake mwenyewe, sauti ikakwaruza, ikafa. Syntiche akairudisha betri kwenye rafu, akaunganisha nyingine.

Nyekundu!

Papa Prospère akaingia shule ya msingi. Nyekundu ya pili. Akafunga ndoa. Nyekundu ya tatu. Papa Gérard alichuchumaa mbele ya rafu, akazihesabu taa nyekundu, halafu akapiga simu kulirudisha lori.

"Kituo kinabaki," akasema.

Kijiji kikalipuka kwa vigelegele. Syntiche akalia waziwazi, bila kujali nani anamwona. Papa Prospère naye akainama kushukuru, akijua wazi kwamba vigelegele ni vyake.

Mama Angélique akamletea kibuyu kilichojaa pomoni. "Kunywa, Papa. Maneno yako njo imetuokoa."

Akanywa chote, akapangusa mdomo, akaomba kipaza sauti, kwa kuwa alikuwa bado hajafika kwenye shukrani. Syntiche alikuwa ameshauchomoa waya wa vipaza sauti na kuukalia.