Lenzi Yenye Mkwaruzo

Kibaya chajiuza, kizuri chajitembeza. Waliotuachia methali hiyo kinyumenyume hawakuwahi kusimama kwenye nyasi za Lavington wakitazama lenzi yao ikishikwa kwa vidole viwili, kama panya aliyetolewa kwenye unga.

"Ivyne, Ivyne," alisema Lenox, akiigeuzageuza kamera yangu juani. "Hii nayo umetoa wapi? Ni lenzi ama ni kizibo cha soda? Na imekwaruzwa! Si ungeniambia nikuazime kitu ya maana?"

Wageni walicheka kwa adabu, kicheko cha watu wasiojua wanachocheka bali wanajua nani kavaa koti la bei.

Lenox alikuwa mwalimu wangu wa upigaji picha nilipokuwa nikisomea diploma ya uanahabari katikati ya jiji. Siku hizi ana studio Hurlingham, na kifuani hubeba lenzi ya Kijerumani ambayo bei yake huitaja kabla hujamwuliza. Haiiti lenzi. Huiita glasi, "German glass," na husema mpiga picha hajulikani kwa picha zake bali kwa glasi yake. Mimi Kiswahili kimenilea. Nilivyofunzwa, glasi ni ya kunywea maji. Zaidi ya hayo, amebandika utepe mweusi juu ya skrini ya kamera yake, kwa kuwa mpiga picha wa kweli, asema, hana haja ya kuangalia alichopiga. Darasani tuliandika maneno hayo kama aya za msahafu. Tulikuwa na miaka ishirini, na ujinga wetu ulikuwa umelipiwa karo.

Siku hiyo alikuwa amekodiwa na Haron, mtoto wa kwanza wa nyumba ile ya Lavington, aje apige picha za kumuaga mama mdogo.

Mama mdogo Peres, anayemfuata mama yangu kuzaliwa, alifanya kazi katika nyumba hiyo tangu kabla sijazaliwa. Alipika, akafua, akalea watoto wakaondoka na digrii, akalea na watoto wa watoto hao. Sasa magoti yalikuwa yamemkataa na alikuwa akirudi kwao Ugunja. Wiki tatu kabla ya siku hiyo alinifungulia albamu za nyumba ile, moja baada ya nyingine, krismasi na ubatizo na mahafali.

"Nitafute," akaniambia.

Nilimtafuta. Nilimpata akiwa kiwiko. Ukurasa mwingine akawa mkono ulioshika sinia, na mwingine ukingo wa kitambaa cha kichwa nyuma ya keki. Katika karamu zote hizo za watu waliompenda, na walimpenda kweli, wangekuapia mbele ya mchungaji, hakuna aliyewahi kumwambia asogee katikati.

"Nyumbani wananiuliza nilikuwa nafanya nini huku Nairobi," alisema. "Nataka picha moja tu yenye mimi niko ndani. Na unipige wewe, si mtu mwingine."

Kamera nilikuwa nayo. Bibi mmoja mgeni niliyemtafsiria mahojiano aliniachia alipofunga virago. Kuukuu, bila lenzi, jicho limeng'olewa. Ilikuwa ya kidijitali lakini ya mtindo wa kizamani. Huoni kupitia lenzi. Unachungulia katika kidirisha kilicho pembeni, na katikati ya kidirisha hicho kuna kimraba chenye mwanga ambamo kila kitu kiko viwili, mtu na mzuka wake. Unazungusha lenzi taratibu hadi mzuka umrudie mwenyewe. Wakishakuwa mmoja, unafyatua. Sikuwahi kuona chombo chenye heshima kama hicho.

Nilimpigia Lenox kumwuliza ninunue lenzi gani ya bei nafuu. Nakiri hilo lilikuwa kosa, lakini la mwanafunzi.

"My dear, hakuna kitu kama nafuu," alisema. "Rahisi ni ghali. Weka akiba miaka miwili, mitatu, ununue ya maana. Ama ukae nyumbani."

Mama mdogo hakuwa na miaka mitatu ya kuningojea. Na tangu lini neno rahisi likawa tusi? Waulize wanaolitafuta. Hakuna kigumu kama kupata kitu rahisi kinachofanya kazi.

Nilikwenda mjini, ghorofa ya tatu katika jengo moja nyuma ya Moi Avenue, kwa mtu aitwaye Muema, jirani wa muuza nywele bandia. Muema alinitolea lenzi tatu na kuzisifu zote kwa sifa zilezile, kama mhubiri wa mazishi asiyemjua marehemu.

"Hii siste, hii ni moto."

"Na hii?"

"Hiyo? Hiyo ni moto zaidi."

Nilizipeleka dirishani moja moja. Upande wa pili wa barabara, bawabu wa benki alikuwa akipiga miayo, nikamfanya mtihani wangu. Ya kwanza ilikuwa ya Kirusi, nzito kama kengele ya shule, imeunganishwa kwenye kamera kwa pete ya kuazima. Kidirishani mizuka iliungana vizuri kabisa. Kwenye skrini, nililenga pua nikapata sikio. Haikuwa ikisema kweli kwa kamera, na lenzi inayomwongopea mwenzake hata ukipewa bure umepunjwa. Ya pili ilikuwa ya Kichina, mpya, yenye mdomo mpana wa kunywa mwanga. Picha zake zilikuwa safi. Lakini unene wake uliziba pembe ya chini ya kidirisha, na kila nilipomtazama bawabu miguu yake ilimezwa. Nikafikiria vile viwiko vya albamuni. Sitaki lenzi inayokula watu wa pembeni.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya Kijapani, ya milimita thelathini na tano, ina umri kunizidi. Haikuwa na boksi wala kifuniko, na usoni ilikuwa na mkwaruzo kama kovu la utotoni. Ilikuwa ngumu kuzungusha. Nikalenga pua, nikapata pua. Nikalenga tena nikapata na chozi la miayo.

"Hiyo hata sikuwa nakuuzia," alisema Muema. "Hiyo ni ya kupimia tu."

"Basi nimeshapima. Funga."

Hiyo ndiyo Lenox aliyoinua juani.

"Siste," Haron aliniambia, akinishika bega kama anayemwongoza kipofu, "weka hiyo kando leo. Tumeleta mtu wa kazi. Usimchanganye."

Mama mdogo alinitazama kutoka mbali, ndani ya gauni jipya la kijani. Sikuweka kando. Nilijisogeza tu.

Saa ya chakula manyunyu yalianza, watu wakakimbilia barazani. Lenox alifunika lenzi yake haraka, kwa mahaba, kama mama anayemfunika mtoto mchanga. Wali ukaletwa, na kuku, na mukimo. Ndipo mama mdogo, kwa mazoea ya mwili usiojua kwamba umestaafu, akainuka kuchukua jagi la maji ya moto na beseni aanze kuwanawisha wageni mikono.

Mama Wangu akamzuia. Si mama yangu mimi; ndivyo alivyoitwa mwenye nyumba, mamake Haron, bibi mkavu wa miaka themanini ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu bila sababu ya kisheria.

"Lete," alisema.

"Mama, wacha tu nifanye."

"Peres. Kaa."

Mama mdogo akakaa. Akakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Mama Wangu akaegemeza fimbo ukutani, akaweka beseni magotini pa mama mdogo, na kwa mikono yake mwenyewe akaanza kummiminia maji. Aliyatiririsha polepole juu ya vidole vilivyomnawisha yeye maisha yote. Barazani hapakuwa na aliyejua pa kuweka macho.

Lenox alijua. Aliruka, akapiga goti, akainua kamera. Alikuwa mzuri kumtazama, ukweli usemwe: goti moja chini, jicho limefumbwa, kidole chepesi. Kidirishani mwake, kwani kamera yake ilikuwa ya aina moja na yangu, bila shaka aliona kila kitu, maji, mvuke, mikono minne. Akafyatua, akafyatua tena.

Kifuniko cheusi kilikuwa bado kwenye lenzi.

Kidirisha hakipiti kwenye lenzi; kitakuonyesha dunia nzima hata ukiwa umeifunga. Mwalimu wangu alikuwa akipiga giza, giza la Kijerumani, la bei ghali kuliko yote mjini. Na skrini ambayo ingemwambia ilikuwa chini ya utepe.

Nilikuwa na pumzi moja. Maji ndani ya jagi yalikuwa yakiisha. Ningeweza kufungua mdomo, au kuzungusha lenzi hadi mama mdogo na mzuka wake wawe mtu mmoja.

Nikafyatua.

Ilikuwa mara moja tu. Lenox aliposhusha kamera akaona, uso ukamparara. Akamnong'oneza Haron, naye Haron akacheka kicheko chembamba. "Mum, rudia kidogo tu, ya picha."

Mama Wangu alikuwa ameshaliweka jagi chini. "Nirudie nini? Mikono imeshaoshwa. Mwacheni ale."

Nyuma ya jikoni Lenox alinibana ukutani. "Uliona?"

"Niliona."

"Na ukanyamaza, Ivyne. Mimi mwalimu wako."

"Nilikuwa kazini."

Picha hiyo ina kasoro. Pembe zake ni laini, na mkwaruzo umetandaza utando wa mwanga juu ya mvuke. Katikati, kitini, yuko mama mdogo mzima, amefumba macho. Pembeni kuna kiwiko. Ni cha Haron.

Haron aliitaka. Nilimpa, baada ya kumchapishia mama mdogo nakala yake. Lenox naye aliwaandikia wapiga picha wote wa jiji hili kwamba nilimhujumu, na kwamba nisipomwomba msamaha mbele ya wote, asiwepo wa kunipa kazi. Wamemtii. Mwezi wa nne sasa simu yangu imelala. Kundi zima la watu wazima wenye mikanda ya ngozi shingoni, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mzee wao kwa nini hakutoa kifuniko.

Jana mama mdogo alipiga kutoka Ugunja. Nilisikia kuku, na mtu akikata kuni. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mwanangu, si umwambie tu pole? Pole haina uzito."

Yeye alijua. Alilisema neno hilo alipokanyagwa, alipomwagikiwa chai ya wengine, aliposahauliwa mshahara. Pole mama, pole Haron, pole.

"Ina uzito, mama."

"Basi sema tu, hata kama humaanishi. Upate kazi."

"Siombi, mama," nilimwambia. "Siombi."