Sauti Zisizo na Amina

Zipporah alikuwa ameeleza mpaka ulimi ukaota sugu. Amemweleza mama mkwe wake kwa simu, kule Siaya, kwamba mwanawe Griffins hakurogwa. Amewaeleza watu wa kaunsili, wenye nyumba wanayokaa, kwamba mume wake halewi. Hata fundi wa boila ya maji moto ameelezwa, maana alikuja siku ambayo Griffins alikuwa anagombana na ukuta. Ukitaja ugonjwa wenyewe, skizofrenia, watu hutingisha kichwa kana kwamba wameelewa, halafu wanakuuliza, "Lakini ilianzaje hasa? Kuna kitu alikula?" Heri umpigie mbuzi gitaa. Mbuzi angalau hana maswali.

Jumamosi hiyo alitoka kazini miguu ikimwaka moto. Alikuwa ametoka kuogesha wazee wa watu na kuwalisha, na bado alikuwa na wageni wake mwenyewe nyumbani. Ushirika ulikuwa kwake. Wakenya wa kanisa lao hapo Barking hukutana kila Jumamosi alasiri, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na zamu ikikufikia huwezi kusema umechoka. Nani hajachoka London hii? Akapitia sokoni, akanunua maziwa na chapati moto, akapanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imekufa tena.

Alimkuta binti yake Marion anapanga vikombe.

"Baba amemeza dawa?"

Marion alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza. Akasema baba hajameza tangu jana, ati anafunga.

"Anafunga nini?"

Marion akapandisha mabega na kuonyesha sebuleni kwa kijiko.

Griffins alikuwa kwenye kochi, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe la Jumapili. Zamani alikuwa fundi wa umeme mwenye mkono usiotikisika. Sasa dawa zilikuwa zimemnenepesha na kumtia mtetemeko wa vidole, na alipenda kuvikalia visionekane.

"Mzee Lawrence alinipigia," akasema. "Tunafunga siku tatu, kavu. Hakuna chakula, hakuna maji. Ushirika mzima, kwa ajili yangu."

"Na dawa?"

"Dawa nitameza na nini, Mama Marion? Na mate?"

Zipporah akaweka mifuko chini polepole. Aliijua njia hiyo. Mwaka juzi mhubiri mmoja mgeni alikuwa amemwambia Griffins kwamba imani na vidonge havikai kikombe kimoja, naye akaacha vidonge. Mwanzoni alichangamka, akawa anaimba bafuni, watu wakamsifu Mungu. Kisha akapotea. Polisi walimkuta kwenye stesheni ya Thornton Heath, ng'ambo kabisa ya mji, hana viatu, mvua inamnyeshea, anawaomba abiria msamaha mmoja mmoja. Alilazwa mpaka majira ya baridi yakaisha. Zipporah alikuwa akitoka kazini anaenda wodini, akitoka wodini anaenda kazini, na Marion akawa anajipikia. Akiacha tena sitaweza, Zipporah aliwaza. Si kwamba hatataka. Nguvu zenyewe zilikuwa zimeisha, kama gesi inavyokuishia chai haijachemka.

Alikuwa hajavua hata koti wageni walipogonga.

"Bwana asifiwe!"

Aliyetangulia ni Mama Eddie, mwanamke wa mwili na wa sauti. Griffins alipolazwa ndiye aliyekuwa akileta ugali na sukuma kila Jumapili bila kuombwa, kwa hiyo hata ukitaka kumchukia huwezi. Nyuma yake alikuja Mzee Lawrence, mwenyekiti wa ushirika, mtu wa tai hata akienda kutupa takataka. Wengine wakafuata mpaka viti vikaisha na vijana wakakaa chini.

Chai ilipowekwa, hakuna aliyegusa. Wote walikuwa wamefunga! Zipporah akaziangalia chapati zake zilivyopoa, na hasira ikampanda.

"Ndugu zangu, nisikilizeni. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Ni kama sukari. Mtu wa sukari mnamwambia aache sindano?"

"Dada Zipporah," Mzee Lawrence akasema kwa upole, "hakuna anayempinga daktari. Ni siku tatu tu. Mungu akishindwa, dawa si iko?"

"Mungu akishindwa?" Mama Eddie akamkata jicho. "Mzee, chunga mdomo."

Vijana wakacheka. Zipporah hakucheka. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Ninyi mkitoka hapa mnaenda kwenu. Mimi ndiye nitakayempigia polisi simu."

Mzee Lawrence akasimama, akasema jibu la mambo yote ni maombi.

Wanaoyajua maombi ya kwetu wanajua. Hakuna kumngoja mwenzako. Kila mtu anafungua kinywa chake wakati ule ule, huyu analia, yule anakemea, mwingine anashukuru, na mwenye koo pana ndiye anayesikika. Walimzunguka Griffins, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, na fleti ikajaa kelele mpaka jirani wa chini akaanza kugonga dari kwa ufagio. Zipporah alikuwa ameyasikia maombi hayo maisha yake yote, akayapenda. Leo alikuwa anamwangalia mume wake. Griffins hakuwa na hofu. Macho yake yalikuwa yanakwenda huku na huku, yanatafuta, kama mtu aliyesikia jina lake sokoni asijue nani amemwita.

Griffins akainua mkono. "Basi. Basi, tafadhali."

Wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, Mama Eddie wa mwisho.

"Mama Eddie," akasema, "Mzee Lawrence ameomba nini?"

"Si amekuombea wewe?"

"Kwa maneno gani?"

"Ningemsikiaje, na mimi naomba?"

"Na wewe Mzee, Mama Eddie amesema nini?"

Mzee Lawrence akaishika tai yake. Akamwangalia Mama Eddie.

"Ninyi ni watu wema," Griffins akasema. "Mlikuwa mnasema mazuri, na hamkusikiana hata kidogo. Sasa hiyo ndiyo iko kichwani mwangu. Ila sauti zangu hazisemi mazuri. Na ninyi mna Amina. Mkisema Amina mnakaa, mnaulizana habari za kazi. Zangu hazina Amina. Nikiwa kwenye basi zipo, nikiwa kanisani zipo. Dawa haizifukuzi, msidhani inazifukuza. Inazipeleka chumba cha pili na kufunga mlango. Hapo ndipo namsikia huyu mtoto akinieleza habari za shule."

Marion alikuwa amesimama mlangoni na trei mkononi.

Zipporah akaona aibu. Miaka yote hiyo alikuwa anaeleza yeye, kwa sukari na kwa presha na kwa kila mfano aliopewa na nesi, na hakuna siku aliyomwachia mwenye ugonjwa aseme. Alidhani anamsaidia.

Mama Eddie akajishusha kwenye kiti. "Na zinasema nini, ndugu yangu? Ni za nani?"

Hilo lilikuwa swali rahisi la mama wa watu anayetaka kujua, na Zipporah mwenyewe hakuwahi kuliuliza. Yeye alikuwa anauliza kama dawa imemezwa.

"Moja ni ya marehemu baba," Griffins akasema. "Nyingine sizijui. Na moja ni ya Mama Marion."

Macho yote yakamgeukia Zipporah.

"Yangu mimi?"

"Yako kabisa, na lafudhi yako ya Kisii. Inasema nimekuchosha. Inasema ungekuwa umeshaondoka, ni vile tu huna pa kwenda. Mzee aliponiambia habari za mfungo nikakubali haraka. Nikasema nikipona, huyu mama atapumzika." Akavitoa vidole vyake alivyokuwa amevikalia, akaviangalia vinavyotetemeka. "Mara nyingine nikiisikia nakuja jikoni, nakuangalia mdomo kama unafunguka."

Zipporah alikuwa akimwona pale jikoni. Alidhani ni njaa. Alikuwa akimfokea, "Chakula bado!"

"Sasa nakuuliza mbele ya watu," Griffins akasema, "wasikie na wao, maana masikio yangu mimi siyaamini. Uliwahi kusema?"

Ilikuwa rahisi kukana kila kitu. Mke mwema mbele ya ushirika husema hajachoka, na watu humwitikia Amina. Lakini Griffins alikuwa na macho. Aliyaona hayo magoti yaliyovimba, na koti ambalo mpaka saa hiyo hajalivua. Akimwambia hajachoka, atajua ni uongo, na kuanzia hapo hatajua tena lipi la mke wake na lipi la kichwani.

"Sijawahi kusema," Zipporah akasema. "Lakini nimechoka, Baba Marion. Nimechoka sana. Nalala kwenye basi mpaka napitishwa kituo."

Mzee Lawrence akakohoa. Mambo kama hayo hayasemwi mbele ya wageni.

"Nimechoka," Zipporah akasema tena, "na siendi popote."

Griffins alikuwa anamwangalia mdomo. Aliendelea kuuangalia hata ulipofungika, akangoja, akisikiliza kama kuna kilichobaki.

"Hiyo ni wewe," akasema. "Ile nyingine haifikangi hapo mwisho."

Zipporah akafunika uso kwa kiganja, akalia waziwazi mbele ya watu wote, wala hakujali. Mzee Lawrence akaanza kuuliza, sasa huo mfungo vipi. Mama Eddie akamwambia watafunga wao wawili, matumbo wanayo ya kutosha, huyu aachwe ale.

Griffins akamgeukia binti yake mlangoni. Akamwomba glasi ya maji, na vidonge vyake vya jana na vya leo. Kisha akajirekebisha mwenyewe: hapana, vya jana aache, vimeshapita, alete vya leo tu.